Mguu wa Kushoto na Ahadi kwa Mzee Gidabaghe

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, umeshika karatasi ambayo hujaielewa. Mimi nilikaa hapo. Nilianza kukaa mvua za masika zikielekea kuisha, nikakaa kipupwe chote, na upepo wa Septemba ulipoanza kuchezea maganda ya mahindi yaliyopukuchuliwa, bado nilikuwa nakaa. Sitakufundisha habari za mishipa, wapo waliosomea. Nitakusimulia jinsi siku zilivyopita, kwa sababu hilo ndilo nililolitafuta kwenye simu nikiwa wodini na sikulipata.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Mimi huandika hadithi. Kitabu changu cha kwanza kilisomwa na watu wachache ambao karibu wote ninawajua kwa majina. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuzunguka shule za sekondari za tambarare za Hanang na mradi mdogo uliokuwa unawatafuta watoto wa wafugaji, hasa wasichana wa Kibarabaig, na kuwaonyesha uhandisi. Tulikuwa na sanduku la mbao lenye mabomba, nyaya, taa ndogo na mabomba ya sindano yasiyo na ncha. Vyuoni watoto hawa ni wachache sana, kiasi kwamba mkufunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kweli wanapenda mashine. Nilimjibu kwamba mtu anayemtambua ng'ombe wake kwa mlio katika kundi la mia hawezi kushindwa kuisikiliza injini.

Nilikuwa namfikiria Udaghwenga, mmoja wa wasichana hao. Pampu ya mkono ya kisima cha kijijini kwao ilipoharibika, yeye akiwa kidato cha pili, aliifungua kwa spana ya kuazima, akakuta kipande cha ngozi ndani kimeliwa, akakata kingine cha mpira kutoka kwenye katambuga ya baba yake, kiatu cha tairi. Ng'ombe walikunywa jioni ile. Baba yake alitembea na katambuga moja wiki nzima, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba nyingine iko kisimani, inafanya kazi.

Alipomaliza kidato cha nne alichaguliwa kwenda chuo cha ufundi Arusha, kusomea mitambo. Baba yake, Mzee Gidabaghe, alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikaa kwenye boma lake tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi, bila kulitaja jambo lenyewe, kwa sababu kwake jambo halitajwi kabla ya mifugo kuingia. Ndipo akasema.

"Mimi silijui shirika lako. Nakujua wewe. Utampeleka kwa mkono wako mpaka umkabidhi. Usipompeleka wewe, haendi."

Niliahidi. Ilikuwa Februari, na siku ya kuripoti chuoni ilikuwa Septemba. Nani angeogopa Septemba akiwa Februari, ana miguu miwili?

Machi, bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mteremko wa Nambis, kwenye tope jekundu, na kifundo cha mguu wangu wa kushoto kikavunjika. Nikafungwa plasta ngumu. Muuguzi aliyenifunga alisema kwa utaratibu, akinitazama mimi na Mama kwa zamu, kwamba nisilale kutwa. Kila saa nisimame kwa magongo, nitembee kidogo, nichezeshe vidole. Nilisikia. Mama pia alisikia.

Lakini kwetu mgonjwa analala. Mimi nilikwenda kuugua nyumbani, Nambis, ambako Mama anaishi na Aama, yaani bibi yangu, mama wa marehemu baba. Wageni walianza kuja siku ile ile, na mgonjwa huko hapokei wageni akiwa amesimama. Mgonjwa aliyesimama ni aibu kwa nyumba, maana yake hakuna wa kumhudumia. Siku ya tatu jirani alinikuta uani kwenye magongo, akamwambia Mama kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kumbe kwenu mgonjwa ndiye anakwenda kuni?" Jioni yake magongo yalipandishwa darini, juu ya magunia ya mahindi.

Ninataka nikiri hapa, kwa sababu wanaoandika kuhusu ugonjwa hupenda kuwalaumu ndugu. Sikudai magongo yangu. Nilikuwa na kitabu kichwani, nilikuwa na mto mgongoni, chai ilikuja kabla sijaiomba. Niliandika nimelala, sura baada ya sura, mvua ikigonga bati. Wiki sita. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, na muda wote huo damu ilikuwa inapunguza mwendo katika mguu wangu, kama maji ya mfereji ambao mtu amesahau kuuzibua.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba kama mpini wa jembe, wenye ngozi ya magamba, na tukaucheka. Siku nne baadaye hatukuwa tunacheka. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, la moto, linang'aa. Nilidhani ni uchovu wa kuanza kutembea.

Aama ana mikono inayojulikana Nambis nzima. Amekanda watoto wachanga, amekanda wanaume walioteguka mabega, amekanda migongo ya wajawazito. Aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akakaa kwenye kigoda, akauweka mguu wangu juu ya mapaja yake, akaukanda kutoka chini kwenda juu. Jioni mbili mfululizo. Ninakuambia ukweli, nilisikia raha mpaka nikasinzia.

Siku ya tatu, mchana, niliinama kuvaa kiatu na pumzi ikakataa. Haikuwa maumivu kwanza. Ilikuwa kama mtu ameweka kiganja ndani ya kifua changu na kusema basi, hapa ndipo mwisho. Kisha maumivu yakaja, ya kuchoma, chini ya mbavu. Mama alipiga yowe na jirani akaleta pikapu. Nakumbuka Aama amebaki mlangoni na bakuli la mafuta mkononi.

Njia ya kwenda Haydom ni ndefu unapokuwa unahesabu pumzi. Hospitalini walinipokea haraka, wakaniwekea oksijeni, wakapitisha kifaa chenye ute wa baridi juu ya paja na nyuma ya goti huku wakitazama kioo. Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha. Alivuta kiti akakaa, na kukaa kwake kulinituliza kuliko dawa. Alisema damu iliganda mguuni, na kipande kikasafiri mpaka kwenye mapafu. Alisema nimefika kwa wakati. Kama na wewe umeambiwa umefika kwa wakati, shika neno hilo. Mengine utayaelewa polepole.

Mama akamuuliza kuhusu mafuta ya kondoo. Daktari hakukwepa. Alisema mguu wenye damu iliyoganda haukandwi, kwa sababu kipande kinaweza kung'oka. Kisha akasema kwamba kilichogandisha damu yenyewe ni kulala wiki sita, na hilo halikuwa la mtu mmoja. Mama alisikia nusu ya kwanza tu.

Alitoka mpaka kwenye korido, lakini mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, siwezi kusema kitu. Alimpigia simu Aama. Alisema, "Mikono yako ilitaka kuniulia mtoto." Akakata.

Tangu siku ile Mama na mama mkwe wake, waliokuwa wamelima shamba moja kwa miaka ishirini, waliongea mambo ya chumvi na mlango wa zizi tu.

Sindano za kuzuia damu isigande zaidi zilipigwa tumboni, asubuhi na jioni. Tumbo langu likawa na madoa ya zambarau yanayogeuka kijani na kisha manjano, na nilijifunza kuhesabu siku kwa rangi zake. Kitanda cha pili alikuwa Mama Neema wa Jorodom, ambaye damu ilimganda baada ya upasuaji. Huyo alikuwa haogopi kitu. "Mlima Hanang ulishuka na matope yake ukanikuta nyumbani, nikapona," aliniambia. "Halafu mguu ndio uniue? Ungeona aibu." Alipokuwa anacheka alishika mshono wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi.

Siku ya tano, saa ya kuona wagonjwa, waliingia Udaghwenga na baba yake. Walikuwa wamepanda basi kutoka Katesh. Mzee Gidabaghe alisimama katikati ya wodi na shuka lake jekundu na fimbo yake, mrefu, akinuka moshi na maziwa, na wagonjwa wote wakanyamaza. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Shikamoo ya mtu aliyelala siipokei," alisema. "Inuka."

Mama alisimama mbele yake haraka, kwa adabu lakini kwa nguvu, akaeleza kwamba mimi ni mgonjwa sana. Akaulizwa nimelala tangu lini. Akajibu, na nilisikia fahari katika sauti yake, kwamba tangu nivunjike sijagusa hata ndoo.

Mzee akatikisa kichwa. "Wakati wa ukame ng'ombe akilala siku tatu hatungoji dawa. Tunapitisha miti chini ya tumbo, watu wanne, tunamwinua. Akianguka tunamwinua tena. Anayebaki amelala anakufa hata majani yakiwa mdomoni. Nyie Wambulu mnawalaza watu kama viazi ghalani."

"Mwanangu si ng'ombe," Mama alisema.

"Ndiyo. Angekuwa ng'ombe ningeshamwinua."

Mama Neema alishika mshono wake. Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama, na nikaona anajizuia kucheka. Akasema kwamba daktari ameruhusu tangu jana nianze kutembea, na kwamba wamemwomba Mama anisaidie mara mbili, na mara mbili Mama amenifunika blanketi.

Udaghwenga alikuwa amesogea kitandani. Alikuwa anautazama mguu wangu kwa jicho nililolijua, lile alilolitumia kutazama kitu kilichofunguliwa. Akachukua bahasha tupu ya vidonge, akachora kwa kalamu. Sisi tulikuwa tumejifunza hayo darasani kwa bomba la sindano na maji yenye rangi, na sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nafundisha habari za mguu wangu.

"Mwalimu, hili shavu la mguu ni pampu," alisema. "Ukikanyaga, linabana, damu inapanda. Valvu za kuizuia isirudi zipo. Pampu yako haikuharibika. Mpini ndio haukusogezwa."

Alimgeukia baba yake akamweleza kwa Kibarabaig, akionyesha kwa ngumi inayofumba na kufumbua, na mzee akaitika kwa koo, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua zamani.

Wakaniinua, Udaghwenga upande mmoja, muuguzi upande wa pili. Mguu ulijaa uzito kama umemiminiwa mchanga. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikageuka, nikarudi, jasho linanitiririka mgongoni, na nilipofika mbele ya mzee nikamwamkia tena.

"Marahaba," aliitikia. Kisha akauliza lile lililomleta. "Septemba utakuwa umesimama?"

Nikasema ndiyo. Hata pumzi ya kusema neno hilo niliikopa.

Niliruhusiwa kutoka mvua zikiwa zimekatika. Nikarudi Nambis na vidonge vya kazi ile ile ya sindano, na soksi nene za kubana ambazo kuzivaa asubuhi ni mieleka. Hakuna aliyenifichia magongo tena. Nilizunguka nyumba kila saa, na wageni walioshangaa Mama aliwajibu mwenyewe, kwa ukali wa mtu aliyeongoka jana, kwamba ndivyo daktari alivyosema.

Vidonge hivyo vinataka damu ipimwe mara kwa mara, kuona inachukua muda gani kuganda. Namba ikiwa kati ya mbili na tatu, uko salama. Ikishuka, damu inaweza kuganda tena. Ikipanda sana, unaweza kuvuja. Basi kila wiki nilipanda gari la asubuhi kwenda Haydom kukaa kwenye benchi. Hapo ndipo nilipojifunza kusubiri. Utajua nani anakuja Jumatatu na nani Alhamisi. Utajua kwamba aliye na kikohozi hukaa dirishani. Utalia siku moja bila sababu, na mama usiyemjua atakupa nusu ya kiazi chake bila kukutazama, ili usione haya. Na mwili utabadilika kwa namna ambazo hutaambiwa mapema. Nywele zangu zilibaki kwenye kitana. Hedhi ilikuwa nzito mpaka nikaogopa kutoka nyumbani. Mkwaruzo wa mwiba ulinitoa damu mpaka nikaketi chini. Uliza. Usinyamaze kwa aibu kama mimi nilivyonyamaza miezi miwili.

Kosa letu lililofuata lilitokana na upendo pia. Mama alisikia neno "damu" na akafanya kile ambacho kila mama wa huku hufanya, akaanza kuniongezea damu. Mnavu, figiri, mchicha, majani ya maboga, sahani inayofuka mvuke asubuhi na jioni. Namba ikashuka chini ya mbili. Daktari akatueleza kwamba mboga za kijani zinashindana na kidonge. Nisiziache, ila nile kiasi kilekile kila siku, kisipungue wala kisizidi.

Nilipofika nyumbani nililisema hilo mezani. Kesho yake mchana nilikuta mezani kibakuli cha bati chenye mboga, imesawazishwa juu kwa kijiko. Kesho kutwa vilevile. Aama alikuwa amechagua kibakuli kimoja na kukitumia hicho tu. Lakini hakunipa mkononi. Alikiweka mezani na kuondoka. Zamani nilipomwamkia aliniwekea kiganja utosini, na kilikaa hapo mpaka amalize kuniuliza hali. Sasa aliitikia shikamoo yangu kutoka mbali, mikono ameificha ndani ya shuka, hata jua likiwa kali. Mafuta ya kondoo aliyagawa. Mama mmoja alikuja na mtoto mwenye shingo iliyokakamaa, Aama akamwambia ampeleke zahanati, akaingia ndani. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba daktari hakumlaumu. Aliniambia ninywe uji, unapoa.

Agosti ikaisha. Daktari alisema vipimo vikitulia mara mbili mfululizo, ataniruhusu nisafiri kwenda Arusha, mradi nishuke njiani na kunyoosha miguu. Kipimo cha kwanza kiligusa mbili kwa shida. Kilichobaki ni kimoja, siku kumi baadaye, na siku ya kuripoti ilikuwa wiki mbili mbele.

Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu akili yako itakudanganya kama yangu ilivyonidanganya. Niliwaza kwamba kama mboga zinashusha namba, nikiacha mboga namba itapanda, na nitasafiri. Kwa siku tisa nilichukua kibakuli cha Aama, nikakipeleka dirishani, nikawamwagia kuku.

Asubuhi ya siku ya kumi nilikuwa napiga mswaki. Povu lilikuwa jekundu. Nikasukutua, likazidi. Kisha pua. Mama alikuta beseni limekuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika.

Namba ilikuwa karibu na sita. Daktari hakufoka, na ningependa angefoka. Aliuliza nimekula nini, nikamwambia ukweli, habari za kuku na yote. Aliandika kwa muda. Nililazwa siku mbili, kidonge kikasimamishwa, na nikapangiwa kurudi kupimwa kila baada ya siku moja mpaka damu itulie. Kuhusu Arusha alisema hapana, mara moja, bila kuongeza neno. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Nilimpigia Udaghwenga. Nilisikia upepo wa tambarare kwenye simu yake. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Hata mwakani kuna mwaka." Sote wawili tulijua kwamba mwakani hakutakuwa na chuo, nafasi haingojei, na walikuwepo watu waliokwishaanza kuja bomani kwao kuulizia habari za binti.

Siku mbili kabla ya kuripoti, Mzee Gidabaghe alitokea nyumbani kwetu Nambis, na Udaghwenga nyuma yake na sanduku la bati kichwani. Mzee alisema maneno ya namna hii hayasemwi kwa simu.

Kabla sijafungua mdomo, Aama alitoka jikoni, akamsalimu kwa Kibarabaig. Mimi sikujua kwamba anakijua. Alikulia upande wa Basotu, akichunga jirani na watoto wa Kibarabaig, na wakati huo, anasema, ng'ombe wa pande mbili waliibwa kwa zamu. Salamu zao zilichukua muda wa kuchemsha chai. Walipomaliza, mzee alikaa kwenye kigoda akiwa mtu mwingine kidogo.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Sikuficha kitu. Nilipofika kwenye kuku aliinua mkono.

"Kuku wazima?"

"Wazima, mzee."

"Basi kuna aliyefaidi." Akanywa chai. Kisha akaniuliza, "Ahadi ile ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Hapana. Mtu ndiye anayetamka. Nyumba ndiyo inayotimiza. Nauliza, katika nyumba hii kuna mkono mwingine?"

Nilimtazama Mama. Mama aliinamisha macho. Ndiye aliyekuwa wa kunipeleka Haydom keshokutwa, na tena siku mbili baadaye, na ng'ombe walikuwa wake wa kukamua. Udaghwenga alikuwa anatazama sakafu, ameshika kufuli la sanduku lake kana kwamba linaweza kufunguka.

"Mimi nipo," Aama alisema kutoka mlangoni. Alisema kwa Kiswahili, ili wote tusikie.

Mama akageuka. Sidhani kama alikusudia. Nadhani maneno yalikuwa yamekaa kooni tangu Mei, yakatafuta pa kutokea. "Mzee, ni haki ujue. Huyu ndiye aliyeukanda mguu mpaka damu ikaenda kwenye mapafu. Mikono hiyo."

Aama hakujitetea. Alizidi kuivuta ndani ya shuka.

Mzee Gidabaghe aliweka kikombe chini.

"Alimkanda kwa kuwa mtoto alikuwa anaumia," alisema. "Hakujua. Mimi pia nimewahi kumpa ndama dawa iliyomuua. Mkono ninaouogopa ni ule unaomwona mgonjwa na usimguse. Huo nisingeupa binti yangu." Akamwita Udaghwenga kwa kichwa. "Msalimie bibi yako."

Udaghwenga akapiga goti mbele ya Aama. "Shikamoo, bibi."

Nilimwona Aama akizitazama zile nywele zilizosukwa. Kisha shuka likafunguka, kiganja kikatoka, kikatua utosini kwa msichana, na kikakaa hapo. Aliuliza hali yake, na ya mama yake, na ya wadogo zake, na ya mifugo, na hakukiondoa mpaka alipomaliza.

Waliondoka asubuhi iliyofuata kwa basi la kutoka Mbulu. Mama alikuwa amepiga pasi shuka la Aama bila kuombwa, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Nilimwambia Udaghwenga ahakikishe bibi anashuka Babati kutembea kidogo, maana miguu ya wazee pia ni miguu. Akaniambia amekwishaongea na kondakta, na kondakta ameahidi dakika kumi. Mzee Gidabaghe alilitazama basi likipanda kilima. Hakupunga mkono. Aliniambia nisisimame sehemu moja muda mrefu, nitembee, kisha akaenda zake.

Siku ile ya kuripoti mimi nilikuwa kwenye benchi, Haydom, Mama pembeni yangu. Namba ilikuwa imeshuka mpaka tatu na kitu kidogo. Daktari alisema damu inaelekea kutulia, nirudi baada ya siku mbili. Miezi mingine ilifuata, na leo naandika nikiwa nimeacha vidonge, soksi bado ninavaa nikisafiri, na mguu wa kushoto huvimba kidogo jioni na kunikumbusha nisimame. Lakini ninachotaka kukuachia ni hicho cha siku ile.

Saa nane mchana simu yangu ililia. Udaghwenga alikuwa ametuma picha ya fomu ya chuo. Jina lake lilikuwa juu, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Aliniandikia kwamba bibi amekataa kuondoka mpaka aonyeshwe karakana na kitanda, na kwamba amemuuliza mlezi wa bweni, mbele ya watu, kama yeye naye ana watoto. Chini ya fomu, kwenye kisanduku cha mzazi au mlezi, palikuwa na dole gumba la wino wa bluu, kubwa, lenye mistari iliyochakaa kwa jembe.

Nilimpa Mama simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama, namba za watu wawili zikaitwa na wakaingia na kutoka.

"Limetoka nje ya mstari," alisema hatimaye.

Kisha akanirudishia simu, akaniomba nimpigie Aama, nimpe yeye aongee naye.